Mwaka wa Kibofu cha Jirani

Mwezi uliopita nilikuwa Same kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa rafiki yangu kabla ya harusi. Tulikuwa tumeshapakuliwa chakula pale mzee mmoja mwenye fimbo aliposimama mbele ya meza yetu, akanitazama kwa muda, kisha akasema mbele ya mume wangu na mbele ya wakwe wa watu, "Wewe si yule binti wa mkojo?" Niliitambua sauti kabla ya sura. Alikuwa Dokta Msangi, aliyekuwa daktari wa mifugo pale mjini nilipokuwa msichana. Nikasimama, nikamwamkia, "Shikamoo, Dokta." Akaitikia marahaba, akavuta kiti bila kukaribishwa, na kwa nusu saa nzima, pilau likipoa, tukazungumza habari za mbwa aliyekufa zamani. Mume wangu ameishi nami miaka mingi. Anajua kuwa kazi yangu ni kupima damu na mikojo ya watu maabara, lakini habari za mbwa huyo alikuwa hajawahi kuzisikia. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza kwa nini sikumsimulia hata siku moja. Nilimjibu kwamba ilikuwa zamani. Jibu la kweli ni kwamba katika kisa kile kuna jambo nililolifanya, au tuseme nililoliacha, na kwa miaka mingi sikupenda mtu alijue. Dokta mwenyewe alikuwa analijua, na pale mezani hakulitaja. Ukarimu wake ndio umenifanya nikae chini niandike.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimefeli kemia. Ilikuwa imeamuliwa nirudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa kuwa walimu wa masomo ya jioni walikuwa mjini, nikaja kuishi kwa Mama Naelijwa, mkunga mstaafu aliyejenga mtaa wa juu, upande wa mlimani wa barabara kuu. Makubaliano yetu hayakuandikwa popote: nilale, nile, nisome, na badala yake nilete maji, nifagie, nisaidie kupika. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na baraza pana ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Sebuleni hakukuwa na picha za familia kama nyumba nyingine. Kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vitu alivyostaafu navyo: mikasi, mabakuli ya chuma yenye umbo la figo, mirija iliyokunjwa kwenye mifuko yake, na ile mizani ya kuning'iniza watoto kliniki, pamoja na suruali yake ya turubai. Kabati lile lilinivutia kuliko vitabu vyangu. Nilikuwa nikilifungua alipokwenda kanisani, nashika kitu kimoja kimoja, najiuliza kilikuwa kinafanya kazi gani, kisha nakirudisha palepale. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anajua, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vinaacha alama kwenye kioo.

Na barazani kulikuwa na Jirani. Alikuwa mbwa dume, wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alipata jina hilo kwa sababu Mama alipokuwa akiishi kwenye nyumba za wauguzi huko milimani, mbwa huyo alikuwa wa nyumba ya pili. Wenyewe walipohama hawakumchukua, naye akahamia kwa Mama, na kila aliyeuliza ni mbwa wa nani alijibiwa ni wa jirani. Mama aliposhuka kuja Same kustaafu alishuka naye. Sijawahi kuona mbwa anayepikiwa kama yule. Mchana Mama alikuwa anachukua makande yaliyobaki, yale mahindi na maharage tunayoyala Wapare tangu tunaota meno, anayaponda kwa mwiko, anachanganya na mchicha uliopikwa kwa karanga, kisha anamwita. Mchicha ulikuwa wa shamba lake dogo nyuma ya nyumba, matuta manne aliyoyatunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. "Mchicha unaongeza damu," alikuwa ananiambia, huku akimtazama mbwa anavyolamba sahani. "Wajawazito wote niliowahudumia niliwaambia hivyo. Mbwa naye ana damu."

Maji yalikuwa kazi yangu. Wakati wa kiangazi, bomba la nyumbani lilikuwa linakohoa hewa tu, kwa hiyo nilikuwa naenda na toroli mpaka kioski cha maji, napanga foleni, narudi na madumu mawili nikisukuma kupanda. Maji yale yalikuwa na ladha ya chumvichumvi, na birika letu lilikuwa limejaa ukoko mweupe ndani. Mtu akisukuma maji kupanda mlima kila siku huanza kuyatazama kwa jicho jingine. Nilijua ndoo ipi ni ya kuoshea vyombo, ipi ya kuogea, na ni nani anayetumia kupita kiasi. Asubuhi nilikuwa nammiminia Jirani maji nusu bakuli. Yakiisha, yameisha. Nilikuwa na sababu nyingine pia. Alipokunywa sana alikuwa anakojoa pembeni mwa baraza, na baraza ile ilikuwa inapokea wageni. Wanawake wajawazito walikuwa bado wanakuja kumwona Mama, kukaa kwenye benchi na kuulizia miguu iliyovimba, na mimi ndiye niliyekuwa nadeki. Hakuna aliyeniagiza nimpunguzie mbwa maji. Nilijiagiza mwenyewe, na nililiona ni jambo la akili.

Mwezi wa saba, ule wenye upepo wa vumbi, niliona Jirani ananyanyua mguu kwenye mgomba wa uani, anasimama hivyo kwa muda mrefu, kisha anaushusha bila kitu. Akahamia ukutani, akanyanyua tena. Nilimtazama kwa udadisi tu, kama mtu anavyomtazama mwenzake anayetafuta ufunguo mfukoni. Siku ya pili niliona matone matatu kwenye saruji, na rangi yake haikutofautiana sana na ya saruji yenyewe, ndiyo maana nilipoyafuta na kitambaa nikashtuka kuona damu. Nikamwita Mama. Alipiga magoti, akamlaza Jirani ubavu, akampapasa tumbo kwa vidole viwili, taratibu, macho yake yakitazama mbali kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. "Kibofu kimejaa kama ngoma," akasema. "Nimekiona hiki kwa akina mama waliochelewa kujifungua. Mkojo umezibwa. Kamwite daktari wa ng'ombe."

Dokta Msangi alikuwa mtu mwembamba mwenye buti kubwa, aliyezoea ng'ombe na mbuzi, na alianza kwa kutuomba radhi kwamba mbwa kwake ni wa chanjo ya kichaa tu. Lakini alipompapasa alikuwa na uhakika. "Kwa mbuzi dume naliona mara nyingi," akasema. "Ni jiwe. Limeshuka kutoka kwenye kibofu likanasa kwenye njia ya mkojo. Kwa jike lingepita, dume njia yake ni nyembamba." Kisha akauliza anakula nini, na Mama akamweleza kwa fahari. Akauliza, "Na maji? Anakunywa kiasi gani kwa siku?" Mama akanigeukia mimi. Nakumbuka kabisa nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono wangu uko kwenye pazia. "Anakunywa tu," nikasema. "Maji yapo." Dokta akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mengine. Ulikuwa uongo mdogo sana, wa maneno manne, na ulinitoka kabla sijaamua kuusema.

Dokta hakuwa na mrija mwembamba wa kutosha. Aliokuwa nao ulikuwa wa ng'ombe. Hapo Mama akaingia sebuleni, akafungua kabati, akarudi na mrija wa kulishia watoto njiti, ungali kwenye mfuko wake. Akauchemsha. Mimi nilimshika Jirani kichwa, Mama akashika miguu ya nyuma, na Dokta akaupitisha ule mrija polepole, akasukuma maji ya chumvi ya dripu kwa sindano mpaka jiwe likarudi kibofuni. Mkojo ukatoka, mwingi, mwekundu, ukajaza bakuli la umbo la figo na kumwagikia kanga ya Mama, na hakuna aliyejali. Jirani akapumua kwa nguvu mara moja, akalala. "Hii ni ya leo tu," Dokta akasema. "Litashuka tena. Kesho inabidi tulitoe."

Kesho yake, ili apime dawa ya usingizi, Dokta alihitaji uzito. Tukaifunga mizani ya kliniki kwenye boriti ya baraza, tukamvika Jirani suruali ya turubai, miguu minne ikitokeza, naye akaning'inia pale akitutazama kwa aibu kubwa. Kilo kumi na nne. Mama akaandika, kwa mazoea, kwenye kadi. Alasiri Jirani alikuwa amelazwa kwenye meza ya saruji nyuma ya ofisi ya mifugo, amelala usingizi wa sindano, na Mama Naelijwa, ambaye hakuwa ameshika vifaa tangu astaafu, alisimama upande wa pili wa Dokta akimpa mkasi kabla hajauomba. Nilidhani nitazimia. Badala yake nilijikuta nimesogea. Kibofu kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri, chenye rangi kama ya ndani ya shavu, na Dokta alipokipasua alitumia kijiko cha chai kilichochemshwa kutoa mawe yaliyokuwemo. Yalikuwa saba. Nilitegemea yafanane na kokoto za mtoni. Yalikuwa ya rangi ya kahawia iliyopauka, yana miba pande zote, kama mbigili, zile mbegu zinazotuchoma miguu tukitembea peku tambarare ya Same. Nilipoliweka moja kiganjani, jambo la kwanza nililofikiri halikuwa huruma, naona haya kusema. Nilijiuliza mwili laini hivi unatengenezaje kitu kigumu hivi.

Dokta alisema mawe hayafanani. Kuna yanayoletwa na maambukizi ya mkojo, na hayo huweza kuyeyuka kwa dawa na chakula. Kuna yanayotokana na ini, na kuna mengine ambayo hayayeyuki kwa chochote. Bila kujua ni yapi, alisema, tungemlisha kwa kubahatisha na huenda tukaongeza tatizo. Mawe matano akayafunga kwenye karatasi ayapeleke kwa mwalimu wake wa zamani chuoni, Morogoro, kwa mkono wa mtu anayesafiri. Mawili akaniachia mimi, kwa sababu nilikuwa sijaacha kuyatazama. Aliniachia pia kazi: kila asubuhi nikinge mkojo wa Jirani, nitazame rangi yake, nichovye kipande cha karatasi ya litmasi, niandike. Nikafunga kopo tupu la siagi kwenye mpini wa ufagio uliokatika, nikawa namfuata uani. Ndivyo nilivyopata lile jina la binti wa mkojo. Sikuwa na maneno ya kitaalamu ya rangi, kwa hiyo daftari langu linasomeka hivi: chai ya rangi iliyokolea, chai ya rangi, asali, maji ya ndimu. Dokta aliniambia anataka kuona maji ya ndimu kila siku.

Wiki zile za kungoja majibu kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mzee mmoja wa nyumba ya pili, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge, alisema ni mifupa; mbwa wa kambini kwao walikula mifupa wakafa hivyohivyo. Mama wa duka la mtaani alisema ni baridi ya saruji. Wengi walisema ni maji, na mimi niliamini hivyo, kwa sababu ushahidi ulikuwa ndani ya birika. Siku moja nilikaa jikoni, nikakwangua ule ukoko mweupe kwa kisu, nikauweka kwenye kisahani na pembeni yake nikaweka jiwe moja la Jirani. Nikakamua ndimu juu ya vyote viwili. Ukoko ukachemka povu palepale, kwa sauti ndogo kama ya kitu kinachonong'ona, ukaisha. Jiwe halikufanya lolote. Nililiacha kwenye maji ya ndimu mpaka kesho yake jioni, na miba yake ilikuwa vilevile. Nilikuwa nimesoma habari za asidi na kabonati mara zisizohesabika bila kuelewa, nimezikariri na kuzisahau. Siku ile niliona kwa macho yangu kwamba kilichokuwa kwenye birika na kilichokuwa kwenye mbwa ni vitu viwili tofauti. Nilikwenda mbio ofisi ya mifugo na kisahani changu. Dokta alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nani alikwambia ufanye hivyo?" Nikasema hakuna. "Basi maji ya Same tuyaache kidogo," akasema, akaandika kitu kwenye kitabu chake. Nimepata vyeti kadhaa maishani, lakini sidhani kama kuna kilichonifurahisha kuliko kumwona mtu mzima anaandika jambo nililomwambia.

Barua ya Morogoro ilifika ikiwa na mhuri. Dokta aliisoma barazani, Mama akiwa kwenye kiti chake na mimi kwenye ngazi. Mawe yalikuwa ya kalsiamu na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya mboga. Hayayeyuki. Yanaweza kurudi. Kisha akafika kwenye chakula, na nikaona anaanza kusoma polepole. Asipewe karanga. Asipewe maharage wala viazi vitamu. Na juu ya vyote, asipewe mchicha, kwa kuwa majani hayo yana oksaleti nyingi kuliko karibu mboga zote. Mama aliuliza, "Umesema mchicha?" Dokta akasema ndiyo, Mama. Akamweleza haraka kwamba kwa wajawazito hakukosea, kwamba mwili wa mtu na wa mbwa huyu si kitu kimoja, kwamba wako mbwa wanaokula mchicha maisha yao yote bila kuumwa na hakuna anayejua kwa nini huyu na si wale. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu, lakini sikudhani anasikia. Aliinuka akaingia ndani. Kupitia pazia nilimsikia akihamisha vyombo kwenye kabati, kimoja kimoja, bila sababu.

Sharti la kwanza kwenye barua, kabla ya vyakula vyote, lilikuwa maji. Awe nayo wakati wote, anywe kadiri awezavyo, chakula chake kiwe na maji mengi, ili mkojo uwe mwepesi na chumvi zisipate nafasi ya kushikana. Dokta alilisoma sharti hilo kwa sauti ileile na kulipita, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamwambia kwamba maji yapo. Tangu siku ya upasuaji bakuli lilikuwa limejaa asubuhi, mchana na jioni, na nilikuwa nasukuma toroli mara mbili kwa siku bila kunung'unika. Mtu yeyote aliyeangalia daftari langu angeona mkojo ulivyopauka mbwa alipoanza kupata maji: wiki ya kwanza chai iliyokolea, wiki ya pili asali, kisha ndimu. Nilikuwa nimeandika ushahidi dhidi yangu kwa mkono wangu.

Mama aliacha kumpikia. Alisema mikono yake imeshafanya vya kutosha. Kwa hiyo nikapika mimi: wali uliochemka mpaka ukawa uji, kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa mifupa, kabichi kidogo, siku nyingine yai, na juu yake mchuzi wa miguu ya kuku usiotiwa chumvi hata chembe. Maziwa Dokta alisema nisimnyime kabisa, nimtilie kidogo kwenye chakula. Hilo lilinishangaza, nikamuuliza kwa nini, wakati jiwe lenyewe lina kalsiamu. Akasema kalsiamu ikikutana na oksaleti tumboni hushikana hukohuko na kutoka kwa njia ya choo, hazifiki kwenye mkojo. Nikaandika hilo pia. Nyumbani tulikuwa tunakula makande siku tano kwa wiki, na mbwa anakula wali na kuku. Nilimsikia mama wa duka akimwambia mteja, "Mkunga amezeeka vibaya. Mbwa anakula sikukuu." Jirani mwenyewe siku za mwanzo alikuwa ananusa wali wake, anautazama mlango wa jikoni, ananusa tena. Alikuwa anausubiri mchicha. Mama alikuwa anageuza uso.

Mwezi wa tisa Dokta alikuwa anapanda milimani, Mbaga, kuchanja ng'ombe, akatupa nafasi kwenye gari lake ili Mama akamwone kaka yake. Jirani alikaa katikati yetu. Kule juu hewa ilikuwa nyingine, kuna ukungu asubuhi na migomba inayodondosha maji, na mfereji unaoshuka kutoka kwenye ndiva, lile bwawa dogo la wanakijiji, unapita karibu kabisa na jiko. Mchana tulikula ndizi zilizopikwa na nyama. Mimi nilikuwa jikoni na wifi yake Mama, tunapakua, na kupitia ukuta wa mbao nilimsikia Mama akimwambia kaka yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimekaa miaka yote ile nikiwafundisha watu chakula. Mbwa wangu mwenyewe nimemlisha mawe kwa mkono wangu. Nilipokuwa namwita aje kula, alikuwa anakuja mbio." Kaka yake akasema jambo ambalo sikulisikia. Mama akajibu, "Hapana. Ni mimi tu. Hakuna mwingine." Nilikuwa nimeshika sahani. Wifi yake akaniuliza kama naumwa.

Kesho yake asubuhi Mama alikwenda na Jirani kwenye mfereji, nikawafuata. Mbwa alishuka akasimama na miguu ya mbele majini, akanywa bila haraka, anapumzika, anakunywa tena. Nikamwambia Mama kwamba nilidanganya. Sikulipamba. Nilimwambia nusu bakuli asubuhi, kisha basi, tangu nilipofika; nilimwambia sababu ya toroli na sababu ya kudeki; nikamwambia Dokta aliponiuliza nilisema maji yapo. Nilimwambia kama mawe yana mwenyewe, huenda ni mimi kuliko mchicha. Nilikuwa nasubiri aniambie nifungashe vitu vyangu, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitawaeleza nini nyumbani.

"Lile bakuli nililiona," akasema. "Unadhani sikuwa na macho? Kila siku saa tisa nilikuwa napita pale nikienda kumwagilia mchicha. Bakuli kavu kabisa, na mbwa amelala pembeni yake. Na mimi nina ndoo mkononi." Akamtazama Jirani. "Nikawa nasema, akinywa atanikojolea baraza, na wageni wanakuja. Nikapita. Sikukwambia umpe, na sikumpa. Sasa mwanangu, unataka kunipora kosa langu lote, au tugawane?" Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Yeye hakucheka. Aliniambia tukirudi nimweleze Dokta mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu mtu anayetibu akipewa habari ya uongo atatibu ugonjwa mwingine. Na kwamba katika kazi yake akina mama waliomdanganya hawakufanya hivyo kwa ubaya, ila kwa haya, na haya imeua watu wengi.

Nilimweleza Dokta tukishuka, kwenye kona za barabara, mbwa akiwa ameweka kichwa mapajani mwangu. Alisikiliza huku akiendesha. Nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu asubuhi: kama ningempa maji, je, angeugua? Akafikiria mpaka tukapita kona mbili. "Sijui," akasema. "Huenda asingeugua. Huenda ningempasua mwakani badala ya mwaka huu. Natamani ningekuwa na mbwa wawili wanaofanana nikampa mmoja maji na mwingine nikamnyima, halafu nikujibu. Kwa huyu mmoja siwezi." Kisha akaongeza, "Ila daftari lako sasa nalielewa. Zile wiki mbili za mwanzo zilikuwa zinanisumbua." Nimefanya kazi maabara miaka mingi, na wagonjwa wananiuliza maswali ya namna ileile kupitia kidirisha: ningewahi, ningeacha, ningekula. Nimejifunza kusema sijui kwa sauti aliyoitumia Dokta siku ile, sauti ya mtu ambaye angependa sana kujua.

Mama alianza tena kumpikia Jirani wiki ileile. Matuta mawili ya mchicha akayageuza kuwa ya kabichi. Mengine mawili akayaacha kwa ajili yetu. Nilifanya mtihani wa kemia mwezi wa kumi na moja, na matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu, si kwa maajabu, lakini kwa kiasi cha kunipeleka chuo cha maabara. Nilipoondoka niliacha kopo na daftari, na Mama akaendelea kuandika yeye. Kila nilipompigia simu, baada ya salamu alikuwa ananisomea wiki nzima: ndimu, ndimu, asali, ndimu. Jiwe moja lilirudi baada ya miaka miwili, dogo, likatoka lenyewe. Kisha hayakurudi tena.

Siku aliyonipigia yeye, nilikuwa kazini. Alisema asubuhi Jirani alikojoa vizuri tu kwenye mgomba, akala nusu ya chakula chake, akalala barazani, na alipokwenda kumwamsha hakuamka. Nikampa pole. Nikamuuliza, kwa sababu ndilo swali tunalouliza kila siku tukijaza fomu, alikuwa na umri gani. Mwanamke huyu alikuwa ameandika saa na dakika za kuzaliwa watoto wa karibu vijiji vyote vya mlima ule. "Unajua," akasema, "sijui. Alikuja kwangu akiwa mkubwa, na wenyewe sikuwauliza." Tukakaa hivyo kwenye simu, wawili ambao tulijua kila alichokula na kila alichokojoa kwa miaka, tukijaribu kukadiria kwa meno, kwa mvi za mdomoni, kwa mwaka alioanza kulemaa mguu wa nyuma, na hatukuafikiana.